Vitone Vinane

Piyaya,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Lilian,

Salamu za huku ni za vumbi, lakini ni za heri. Yeyo hajambo na anauliza kama wewe binti yake huko Karatu bado unakunywa chai ya rangi kama mtu ambaye kwao hakuna ng'ombe. Mifugo mingi imehamia upande wa majani, bomani wamebaki wenye ndama tu. Shule tumefungua, darasa langu la tatu lina watoto sabini na mmoja na madawati kumi na mawili. Mimi mwenyewe ni mzima.

Barua hii anakuletea Piusi, dereva wa lori la unga, kwa sababu mtandao wa huku unaujua. Anayetaka kupiga simu sharti apande kile kilima cha nyuma ya josho, mwendo wa saa mbili. Walimu wenzangu wamekibatiza Kanisani, maana kila aliyefika juu utamkuta ameinua mkono mbinguni.

Sasa jambo lenyewe. Madaktari wageni waliopita mwezi uliokwisha walimpima mdogo wetu Nashipai. Nilikwambia kwa simu kwamba ana upungufu wa damu. Sikukwambia ukweli wote, mtandao ulikuwa unakatika na mimi mwenyewe nilikuwa nakatika. Mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa. Ndiyo maana akitoka kisimani anakaa chini mara tatu kabla ya kufika, na sisi tukamtania kwamba shule ya bweni imemfundisha uvivu. Ana miaka kumi na tisa, Lilian.

Wanasema mlango huo hutengenezwa, wala hawataki malipo. Ila wagonjwa ni wengi na wapasuaji huja mara chache kwa mwaka. Zamu yake ikifika wataandika kwa barua pepe. Asiyejibu ndani ya siku kumi na nne, nafasi yake hupewa mwingine. Nikawaambia kwetu simu haziingii. Wakasema ndiyo sababu hawapigi, barua pepe inakaa inakungoja.

Simu yangu imo ndani ya soksi, Piusi ameapa kuifikisha. Programu ya barua pepe iliyokuja nayo inazunguka tu, na ikimaliza kuzunguka inaomba isasishwe, mpaka bando linaisha sijasoma hata mstari mmoja. Wewe unashinda na barua pepe za wazungu kutwa nzima. Nichagulie iliyo nzuri, uniwekee, uirudishe.

Kaka yako,
Lekishon


Karatu,
19 Machi 2024

Shikamoo kaka Lekishon,

Simu imefika na soksi pia. Soksi nimeifua, maana ilihitaji msaada kuliko simu. Mimi sijambo. Mvua zimeanza kugusagusa, ukungu wa Oldeani unashuka mpaka mlangoni mwa ofisi, na bosi wangu, Mama Eliaichi, amenuna kwa sababu wageni wa mwezi huu hawajazi hata gari moja. Hata hivyo anakusalimu. Evelyn, tunayekaa naye meza moja, anauliza kama Piyaya kuna mwalimu ambaye hajaoa. Nimemwambia wapo, lakini watamchumbia kwa mbuzi.

Habari ya Nashipai imenikalia kifuani. Mimi ndiye niliyemtania kuliko ninyi nyote. Niliwahi kumwita mzungu wa kisimani. Naomba tusiliandike sana hilo.

Nimejaribu programu tatu kwenye simu yako. Ya kwanza ina rangi za kuvutia, lakini inajifanya karani: barua pepe ikija inaamua yenyewe kwamba hii ni muhimu na hii ni tangazo, na ya mtu isiyemjua inaisukuma kwenye kapu ambalo hulioni mpaka ulitafute. Hiyo nimeikataa siku ile ile. Ya pili haioneshi kitu bila mtandao, kwa hiyo ukishuka kilimani umeshuka mikono mitupu. Ya tatu haina mapambo. Ni nyepesi, na ikishaivuta barua pepe unaweza kuisoma hata ukiwa bomani, tena kwa herufi kubwa, maana miwani hutaki. Halafu ipo ya simu na ipo ya kompyuta ya mezani, sura moja. Hiyo ndiyo niliyokuwekea.

Nimekufungulia anwani mpya, na wale madaktari nimewaandikia, wamejibu kwamba wameipokea. Ukifika Kanisani itakuomba uweke neno lako la siri. Linataka herufi nane au zaidi. Usiweke jina la baba. Unajua kwetu aliyetangulia haitwi tena kwa jina, na wewe ulivyo mshika mila utakaa huko juu na simu mkononi usiweze hata kuligusa. Weka jina la mtu aliye hai.

Mbusu Yeyo. Mwambie chai ninayokunywa ina maziwa, ila ni ya pakiti.

Mdogo wako,
Lilian


Piyaya,
28 Aprili 2024

Lilian, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu lori la Piusi lilikaa siku tano kwenye tope, watu wakalichimbua kwa majembe. Majani yameota na ng'ombe wanarudi. Yeyo amekohoa wiki moja, sasa ni mzima. Maziwa ya pakiti amesema usimtajie tena.

Programu ni nzuri. Inafunguka haraka, na siku ya kwanza tu nilikuta salamu za wale madaktari zinaningoja. Neno la siri nililotafuta liko mbele ya macho yetu wote: Nashipai, herufi nane kamili, kwa herufi ndogo. Nilipomwambia alicheka. Alisema, "Kumbe wewe ni bawabu tu, mlango ni wangu." Tangu hapo nikirudi kilimani haniulizi habari. Ananiuliza, "Mlango wangu umeufunga?"

Nimejiwekea utaratibu. Kila Jumamosi alfajiri napanda, nafungua, nashuka. Lakini mimi ni mtu mmoja, naweza kuugua, mvua inaweza kunifungia. Kwa kuwa programu hii ipo na ya mezani, liweke sanduku langu kwenye kompyuta ya ofisini kwako pia. Tuwe macho manne. Nilipomweleza Yeyo hivyo alisema mbuzi wa wachungaji wawili ndiye fisi amlaye. Nikamwambia hii si mbuzi.

Nashipai anatembea mpaka kwenye zizi na kurudi. Miguu imeanza kuvimba jioni.

Lekishon


Karatu,
2 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Nisamehe, hii ni fupi. Msimu umefunguka kwa kishindo. Wageni wanatua kila siku, magari yetu yote matatu yako bondeni kreta, na simu ya ofisi haipoi. Mimi mzima, ila miguu yangu nayo inavimba, kwa kusimama tu.

Sanduku lako nimeliweka kwenye kompyuta. Nimelipanga kama la ofisi: barua pepe ikiingia, kompyuta inaivuta na kusafisha kule ilikotoka. La ofisi tulilazimika kulipanga hivyo, maana wageni hututumia picha za simba mpaka sanduku linajaa na kugoma. Lako halitajaa hata siku moja.

Mama Eliaichi anafungua nyumba ya wageni Oldeani, kwenye shamba la kahawa la zamani, na ameniambia nikaipange. Nitakuwa huko wiki kadhaa. Evelyn atabaki mezani. Wewe usiache kupanda.

Shuka jekundu ndani ya mfuko ni la Nashipai. Mwambie si la kuchotea maji.

Lilian


Piyaya,
7 Julai 2024

Lilian,

Habari za siku nyingi. Huku baridi imetuingia mifupani, ndama wawili wamekufa kwa upepo. Yeyo yupo. Shuka limempendeza Nashipai, halivui hata mchana. Siku hizi anakaa usiku na mchana, kwa sababu akilala chali pumzi inakataa. Tunamwegemeza kwenye magunia ya mahindi.

Nina jambo la kukuuliza wewe unayezijua kompyuta. Jana nilipanda kama kawaida. Sijakosa Jumamosi hata moja tangu Aprili. Nilipofika juu, mtandao ulikuwa unashika kijiti kimoja tu. Nikafungua programu, nikaona mstari mweusi umejitokeza, jina la ile hospitali, na maneno machache ambayo sikuwahi kuyamaliza. Mtandao ukakatika. Nilisubiri kama nusu saa, ukarudi, nikavuta tena. Mstari haupo. Nimezima, nimewasha, nimehama jiwe hadi jiwe. Hakuna kitu. Sanduku jeupe.

Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Lakini mimi ni mwalimu, najua mstari ulioandikwa na mstari usioandikwa. Inawezekana barua pepe ikaja na kuondoka? Angalia kwenye kompyuta yako. Angalia haraka, tafadhali.

Lekishon


Karatu,
2 Agosti 2024

Shikamoo kaka Lekishon,

Natumaini baridi imepungua huko. Kule Oldeani kahawa inachumwa, wanawake wanapanda malori alfajiri wakiwa wamejitanda khanga mbili mbili. Nyumba ya wageni imekamilika, vitanda kumi na viwili, mapazia nimeyashona mwenyewe. Mama Eliaichi amenisifu mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Evelyn amepata mchumba, si mwalimu.

Nimeongea na hospitali. Wamesema Nashipai yumo kwenye orodha na nafasi yake ni ya mwezi wa Novemba, wapasuaji watakaporudi. Novemba si mbali. Hesabu Jumapili, utaona si nyingi.

Kuhusu ule mstari, usiuweke sana moyoni. Mtandao wa huko wenyewe unajua kudanganya.

Nimetuma dawa za kupunguza maji mwilini, zile daktari alizoandika. Piusi anazo, na mkebe wa maziwa ya unga. Mwambie Nashipai namwomba radhi.

Kwa yote.

Lilian


Piyaya,
18 Agosti 2024

Lilian,

Dawa tumepokea. Ulisema nimwambie unamwomba radhi. Nilimwambia. Akauliza, "Kwa lipi?" Nikamjibu labda kwa lile la mzungu wa kisimani. Akasema lile alishalisahau.

Mimi nina swali jingine. Walisema wataandika kwenye anwani yangu, sasa hiyo Novemba wamekwambia wewe kwa njia gani? Na kwa nini Novemba, wakati yule mtoto wa kijiji cha Malambo aliyepimwa nasi siku moja, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, alipelekwa mwezi uliopita na amerudi anakimbia?

Jana nilipanda, sanduku jeupe. Nashipai hakuniuliza kama nimefunga mlango. Amekuwa hasemi sana, anatunza pumzi.

Njoo kama Mama Eliaichi atakuruhusu.

Lekishon


Piyaya,
22 Septemba 2024

Lilian,

Yeyo anakusalimu. Amenyoa nywele, kama ulivyomwacha. Hajarudi kukaa upande ule wa nyumba wenye magunia.

Nilipokupigia kutoka kilimani siku ile ya Agosti hukupiga kelele. Ulisema tu, "Nimesikia," ukafika kesho yake. Nakushukuru kwa kuja. Lakini ulikaa siku tatu, hukula, na ya nne ukapanda lori kabla hatujaamka. Tulipokuwa kwenye zizi la mbuzi mimi na wewe ulifungua mdomo kuniambia kitu, halafu ukaniuliza sukari siku hizi inauzwaje. Tangu lini wewe ukajali bei ya sukari ya Piyaya?

Sikulazimishi. Nina shida nyingine, na ni ndogo, utacheka. Simu ilizima kabisa kwa kukosa jua la kuichaji. Nilipoiwasha tena Kanisani, programu imesahau kila kitu na inaniomba neno la siri. Lilian, nilikaa pale juu. Watu walipanda, wakaongea na wenzao, wakashuka. Kidole changu kilifika kwenye herufi ya kwanza kikarudi. Nimeshika mila za wazee wangu katika mambo mengi madogo ambayo hata sikuwa nayaamini, na hili ninaliamini. Aliyelala aachwe alale. Asiitwe kwa ajili ya kufungua simu.

Kwa hiyo naomba unichagulie programu nyingine. Nasikia zipo zinazofunguka kwa alama ya kidole au kwa namba tu. Hata ikiwa mbaya. Hata ile ya karani.

Lekishon


Karatu,
4 Oktoba 2024

Kaka yangu Lekishon,

Shikamoo. Leo sina habari za huku. Mvua bado, vumbi lipo, watu ni wazima.

Hakuna programu itakayokusamehe neno hilo. Ukiweka ya karani, ukiweka ya namba, ukiweka ya kidole, siku ya kwanza zote zitakuuliza lile lile, kwa sababu neno si la programu, ni la sanduku. Nilitaka kulibadilisha mimi hapa. Ili kulibadilisha lazima kwanza uandike la zamani. Miaka minane niko mjini, kanisani naimba kwaya, nilidhani mambo haya ni yenu ninyi wa bomani. Nimekaa mbele ya kompyuta na mikono mapajani.

Sasa nakwambia lile nililolimeza zizini. Soma mpaka mwisho kabla ya kunilaani.

Mstari ulioona ulikuwa wa kweli. Hospitali waliandika Jumatatu tarehe 24 Juni. Walisema njooni tarehe 15 Julai, jibuni kabla ya tarehe 8. Mimi nilikuwa Oldeani nashona mapazia. Kompyuta ya ofisi ilikuwa kwa fundi Godson tangu tarehe 21 kwa sababu umeme uliichoma, akairudisha Jumamosi ya tarehe 6 asubuhi. Evelyn akaiwasha kuijaribu. Ilipowaka ikafanya kama nilivyoiamuru: ikaivuta barua pepe yako na kuifuta kule ilikokuwa inakungoja. Saa hiyo hiyo wewe ulikuwa Kanisani na simu mkononi. Uliuona mstari unaondoka, kaka. Niliyeuondoa ni mimi.

Evelyn hakuona kitu, sanduku lako lilikuwa peke yake pembeni. Barua yako ya tarehe 7 niliisoma tarehe 15 niliporudi. Nikafungua kompyuta nikaikuta imelala pale, nyeusi, haijasomwa, siku ile ile ambayo mdogo wetu alipaswa awe hospitalini. Niliwapigia simu nikalia. Walikuwa wema, wakasema nafasi imeshatolewa, ipo Novemba. Wewe nikakuandikia kwamba mtandao unadanganya. Mtandao haukudanganya.

Programu haina kosa. Nilichagua vizuri, nikaipanga vibaya, kwa mazoea ya kazi, kwa sababu ya picha za simba. Tulikuwa macho manne, na kila mtu alimwachia mwenzake. Alilosema Yeyo nalikumbuka kila ninapokula.

Kuna lingine, na hili lina haraka. Jumanne wameandika tena. Wanasema nafasi ya mdogo wetu ni tarehe 11 Novemba na wajibiwe kabla ya tarehe 15 mwezi huu. Wameandika jina lake lote juu, na kumwita mpendwa. Hawajui. Hakuna aliyewaambia. Barua pepe iko mahali pake, sijaifuta. Mpangilio ule niliubadilisha tangu Julai, na juzi sanduku lako nimeliondoa kabisa kwenye kompyuta hii. Mkono uliofuta ya kwanza sitaki uiguse ya pili.

Lakini kuna mtu amekaa nyuma yetu kwenye foleni, kama tulivyokuwa. Tusipojibu, siku kumi na nne zake zitaliwa na mtu ambaye hayupo. Ukiweza kujibu, nitumie ujumbe mfupi ukiwa huko juu. Nisipouona mpaka Jumatatu nitawapigia mwenyewe na kulitamka jina lile, hata kama ni kwa kufumba macho.

Sikuombi unisamehe. Nimeandika mara nne, hii ndiyo ya tano.

Lilian


Piyaya,
13 Oktoba 2024

Lilian,

Marahaba. Yeyo mzima. Mvua ya kwanza imenyesha jana jioni, kidogo.

Barua yako Piusi aliileta Jumatano. Nilipofika penye habari ya kompyuta niliiweka chini nikaenda kuhesabu mbuzi ambao walikwisha kuhesabiwa. Alhamisi sikufundisha. Niliwaambia watoto wachore chochote, wakachora malori. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua mtu anaweza kuwa nayo kwa aliyenyonya ziwa moja naye. Nilitaka kukuandikia neno moja tu, la kukufukuza.

Ijumaa niliisoma tena, nikafika kwenye tarehe zako. Kompyuta ilikuwa kwa fundi kuanzia tarehe 21 mpaka asubuhi ya tarehe 6. Barua pepe ilikuja tarehe 24. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 29 Juni ilikuwa kule juu inaningoja, hakuna wa kuifuta.

Tarehe 29 Juni sikupanda.

Nilikuandikia kwamba sijakosa Jumamosi hata moja. Nilikosa hiyo moja. Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu. Yeye akiwa kwenye magunia akasema, "Kila Jumamosi unaniacha ukaangalie kama nitapona. Leo niangalie mimi mwenyewe." Nikafungua kamba. Tulichimba mashimo ya bao pale nje ya mlango, tukaokota mawe, akanifunga mara mbili. Mara ya pili aliiba kete, nilimwona, nikanyamaza. Alicheka mpaka akakohoa, Yeyo akatugombeza wote wawili. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tulizopata mwaka huu.

Sikukwambia kwa sababu nilijiambia Lilian yupo kwenye kompyuta, ikija ataiona. Ndivyo nilivyomwachia mwenzangu. Nimekaa na siku hiyo tangu Ijumaa nikitaka kuijutia, na kila nikianza nasikia anavyocheka. Sijui niifanye nini. Wewe nawe sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia, usiniulize.

Jana nilipanda. Nilikaa mpaka wenzangu wote wakashuka. Programu ikaniuliza. Nikamwomba mdogo wetu radhi kwanza, kwa Kimaa chetu, kwa sauti, nikamwambia nakuita mara moja tu na si kwa ajili yangu. Halafu nikaliandika, herufi kwa herufi. Nilikuwa nimesahau jambo moja: kila herufi niliyoigusa, simu iliifunika kwa kitone. Sikuliona jina. Niliona vitone vinane vyeusi vimepangana, kama simu nayo imezaliwa kwetu. Nililia hapo Kanisani, Lilian.

Sanduku likafunguka. Niliwajibu hivi: "Mgonjwa wetu hatakuja. Alifariki Agosti. Nafasi yake mpeni anayefuata, na tafadhali mtumieni na mtu wa kumwambia, msitegemee barua pepe peke yake." Wakati huo kulikuwa na kijiti kimoja. Nilisimama na mkono juu mpaka ikaonesha imekwenda. Ujumbe wako mfupi nilikutumia saa hiyo hiyo, bila shaka umeuona.

Kisha programu nimeiondoa. Ilikuwa nzuri, ulichagua vizuri, sina lawama nayo. Ukiwa na neno niandikie kwa karatasi, Piusi bado anapita. Yeyo anauliza kama utakuja Krismasi. Njoo, ule.

Jumamosi kuanzia sasa nitakaa nyumbani, kama alivyotaka.

Kaka yako,
Lekishon